Mama Magadi na Keki Isiyoumuka

Marehemu, ambaye sote tulimwita Mama Magadi, alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, mtoto wa pili wa fundi cherehani na muuza maziwa. Kwao hapakuwa na mtu mkimya, na yeye aliwazidi wote kwa kelele. Tangu utotoni hakuwa akilala kabla ya kumwekea ng'ombe wa mama yake sikio ubavuni, asikie tumbo likinguruma.

Baada ya sekondari, mwaka 1978, aliingia chuo cha mifugo. Huko ndiko alikojua kwa nini ng'ombe huweza kufa kwa shibe. Unga na pumba vikizidi ghafla, tumbo lile kubwa huchachuka na kujaa asidi, mnyama huacha kucheua, na asipowahiwa ndiyo basi tena. Magadi kidogo kwenye chakula huituliza asidi hiyo. Alirudi likizo na habari hiyo moja tu, na nyumba nzima haikupumua mpaka kila mtu alipoielewa.

Mwaka 1981 aliajiriwa katika ghala la vyakula vya mifugo la chama cha wafugaji, akichanganya pumba, unga na magadi kwa koleo hadi kope zake zikawa nyeupe. Wafugaji walimtania kwamba anataka kuwaumua ng'ombe kama maandazi. Alicheka kuliko wao, halafu akawafuata hadi bandani kuona kama wamechanganya sawasawa na kama nyasi zipo, maana magadi, alisema, hayafanyi kazi ya nyasi. Hapo ghalani ndipo alipokutana na dereva wa lori la maziwa.

Mama wa dereva hakumtaka. Alitaka mkamwana wa jikoni, si wa zizini, na alilisema waziwazi. Harusi ilipangwa Jumamosi, tarehe 10 Desemba 1983. Mama mkwe, kwa kuogopa aibu ya kuwakosesha wageni maziwa, alimjazia ng'ombe wake wa pekee unga wa mahindi debe zima. Asubuhi ya harusi ng'ombe alikuwa chini, tumbo limevimba, hacheui. Mama wa watu alilia akiwa amemkumbatia shingo, kwa sababu ng'ombe huyo ndiye aliyemsomeshea watoto.

Habari zilimfikia bibi harusi akiwa amesukwa nusu kichwa. Alitoka mbio hivyo hivyo, akaagiza daktari wa mifugo aitwe, akapitia jikoni ambako dada yake mkubwa alikuwa anaanza keki, akakusanya magadi yote.

"Na keki yako je?" dada akauliza.

"Keki itanisamehe, dada. Ng'ombe hangoji."

Aliyakoroga kwenye maji ya vuguvugu, akamnywesha ng'ombe kwa chupa, taratibu asije akapaliwa. Unga uliobaki ukaondolewa, nyasi kavu zikaletwa. Daktari alipofika aliendelea pale alipoishia yeye. Wageni wote tulijaa zizini na viatu vyetu vipya. Mchana ng'ombe alibeua, akajikokota akasimama, akaanza kutafuna. Hatukushangilia vile hata bwana harusi alipoingia! Keki ilifika mezani bapa kama sahani. Mama mkwe akawa wa kwanza kula, vipande viwili, kisha akasimama.

"Huyu ni wangu," alisema. "Atakayemgusa ataniona."

Moyo wa Mama Magadi ulianza kuchoka mwezi Juni 2023. Wodini aliwauliza wauguzi wanafuga nini, na wale wenye ng'ombe walitoka zamu wakijua kuchanganya magadi. Aliaga dunia nyumbani, alfajiri ya Jumapili, tarehe 5 Mei 2024, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe. Tumeumia sana.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu saba, dada yake ambaye mpaka leo anadai keki ile iliumuka kidogo, na ng'ombe wote walioko bandani, uzao wa yule wa harusi.

Ameacha pia wosia. Siku zake za mwisho alimwambia mumewe, "Nikifa watakuja watu wengi. Usije ukawaongezea ng'ombe unga ili wageni wapate maziwa. Wanywe chai ya rangi."

Basi ninyi mliokunywa chai ya rangi leo na kutushangaa, hiyo ndiyo sababu. Asubuhi hii mumewe aliingia bandani, akaweka sikio ubavuni mwa kila ng'ombe. Wote walikuwa wamelala, wanacheua.

Naye apumzike vivyo hivyo, kwa amani.