Zabibu Hazingoji Mazishi

Botond: Haloo? Nani mwenz— aah! Vendel! Leo jua limechomozea wapi?

Ilka: Si Vendel.

Botond: Jina lako ndilo limetokea hapa. Miaka yote hiyo hunipigii, kaka, halafu leo unanikuta juu ya paa la watu huku ugenini Linz, nyundo mkononi—

Ilka: Botond, ni mimi. Ilka.

Botond: Shemeji! Hujambo lakini?

Ilka: Sijambo. Za huko?

Botond: Baridi tu. Za huko nyumbani Tállya?

Ilka: Nzuri. Nina swali. Hizi zabibu za aszú, zilizonyauka… zikishapondwa, zinaloweshwa muda gani kwenye mvinyo mchanga?

Botond: (anacheka) Ahaa! Mkubwa mzima anakutuma wewe! Mwambie ashike simu aniulize mwenyewe, hatakufa.

Ilka: Sikusikii. Niko chini kwenye mapipa. Ngoja nisogee mlangoni.

(mkwaruzo)

Botond: —aniulize mwenyewe, nasema!

Ilka: Beseni limejaa. Mwaka huu ukungu wa mto ulitanda mapema, na ile kuvu njema ya zabibu ikafuata. Zimesinyaa vizuri. Tumechuma moja moja. Zikilala tena leo zitaharibika.

Botond: Hayo yeye anayajua kunishinda. Kwani yuko wapi?

Ilka: Kanisani.

Botond: Vendel? Siku ya kazi? Acha utani.

Ilka: Atazikwa Jumamosi.

Botond: Nani?

Ilka: Sasa niloweshe siku moja, au mbili?

Botond: Ilka. Nani atazikwa?

Ilka: Juzi tulikuwa mlimani tunachuma. Alipiga magoti kwenye mstari wake wa mizabibu. Nikadhani anachagua, si unamjua, tunda moja analigeuza kama sonara. Nikampita. Nikamaliza mstari wangu.

Botond: Mungu wangu.

Ilka: Daktari kasema moyo. Ndoo yake ilikuwa nusu.

Botond: (kwa mbali) Zimeni hiyo mashine! Zimeni! … Shemeji. Umelia?

Ilka: Bado. Kina mama wachumaji wamelia. Wamelia vizuri sana.

Botond: Ali… alisema lolote juu yangu?

Ilka: Jina lako halikutajwa humu ndani, sitakudanganya. Ila kila akionja pipa alikuwa anasema, "Yule punda angesema bado."

Botond: Na kweli ilikuwa bado! Siku zote yeye na haraka. Kitu kinataka kulala pipani miaka, yeye anataka kukifungua Pasaka— (anapenga kamasi) Kaka yangu huyu.

Ilka: Siku moja au mbili, shemeji?

Botond: Peleka simu karibu na huo mvinyo. Nisikie.

(mchemko mdogo, povu linapasuka)

Botond: Unachemka vizuri. Uko tayari. Ponda taratibu, mbegu zisivunjike, zitatia uchungu. Mimina juu yake, koroga, funika. Kesho uonje. Ukiona utamu umehamia kwenye mvinyo, kamua.

Ilka: Sitajua.

Botond: Utajua bwana, umeishi na yule mtu—

Ilka: Asubuhi nilionja yale matone yanayojichuja yenyewe chini ya beseni. Yale mazito kama asali. Sikusikia ladha yoyote. Kama maji yaliyokaa.

(upande wa Botond, nyundo inawekwa chini kwenye paa)

Ilka: Upo?

Botond: Nipo. Basi usionje. Wewe ponda na kumimina tu. Kuonja nitaonja mimi. Nashuka hapa, napanda treni leo hii.

Ilka: Mlimani bado kuna mistari.

Botond: Nitaichuma. Na kuzikanyaga hizo nitazikanyaga mimi.

Ilka: Uje na mabuti yako ya shambani basi.

Botond: Ya nini? Nitavaa ya kaka, miguu yetu ni ile ile.

Ilka: Hayapo. Nimemvisha.

Botond: …Mabuti ya shambani? Kwenye jeneza?

Ilka: Kasisi aliniuliza kwa nini. Nikamwambia ndoo yake ilikuwa nusu tu, bado ana— haloo?

Botond: Nipo! Ilka? Unakatika!

Ilka: Chaji inakwisha. Kwaheri, shemeji. Njoo tu. Nakwenda kuponda.