Verlene Mabry, Sauti Nyuma ya Kamera

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo asubuhi hii hapa Harpers Bend. Aliye jikoni apunguze moto. Aliye njiani kwenda kazini aende taratibu. Leo tunamkumbuka Verlene Mabry, binti wa mji huu, aliyetengeneza filamu ya watoto walioandamana. Verlene alifariki Jumanne, nyumbani kwake. Alikuwa peke yake. Wengi wenu mnaijua filamu yake. Mliomjua mwenyewe ni wachache.

Verlene alizaliwa hapa hapa Alabama, mtoto wa Otis na Rubelle Mabry. Baba alifanya kazi kwenye kiwanda cha mbao. Mama alifua nguo za watu. Mwaka 1963 Verlene alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Ndio mwaka ule ambao watoto weusi wa mji huu walitoka madarasani, wakatembea wawili wawili mpaka maktaba ya mji, iliyokuwa ya wazungu tu. Hawakubeba jiwe wala fimbo. Walitaka kuingia na kuazima vitabu, basi. Polisi walikuwa wakiwasubiri kwenye ngazi. Watoto wakapakiwa kwenye mabasi, wakafungiwa kwenye uwanja wa maonyesho, ndani ya mabanda ya ng'ombe. Walilala juu ya majani makavu. Verlene alikuwa mmoja wao.

Alipoachiliwa, alikuta baba yake ameshafukuzwa kazi. Msimamizi alimwambia Otis, "Mtu anayeshindwa na mtoto wake mwenyewe, mimi sina kazi naye." Otis akapanda treni kwenda Detroit kutafuta kibarua. Alisema akishatulia atawaita. Hakuwaita.

Nyumba ile ikanyamaza. Kaka yake Verlene, mzee Lucious Mabry, alituambia hivi: "Mama hakumpiga Verlene, wala hakumgombeza. Alimpakulia chakula kama alivyotupakulia sisi. Ila alikuwa hamtazami usoni. Na mtoto huyaona mambo hayo, bwana."

Verlene akakua, akaenda Atlanta, akajifunza kupiga picha za filamu. Lucious anasema kazi ile ilimfaa. Mwenye kamera huwatazama watu wote, na yeye hakuna anayemtazama.

Mwaka 2001 akarudi. Alitaka kutengeneza filamu kuhusu siku ile ya maktaba, kabla walioandamana hawajaanza kuondoka duniani. Alifikia kwa mama yake, katika chumba chake cha utotoni. Akaanza kubisha hodi mlango kwa mlango. Wengi walimkatalia, tena kwa upole. "Dada Verlene, hayo yameshapita." "Dada Verlene, njoo wiki ijayo." Kumbukeni, wasikilizaji, haikuwa nyumba ya Mabry peke yake iliyopoteza mtu kwa sababu ya siku ile. Kanisani kina mama walikuwa wakiongea, yeye akikaribia wanauliza habari za mvua. Mchana alikula mkate wake ndani ya gari, vioo vimefungwa.

Wa kwanza kukubali alikuwa kinyozi wetu, marehemu Hosea Grider. Alianza kwa utani, kama kawaida yake.

"Sasa Verlene, unakuja kunipiga picha leo, nimebaki na meno ya kuhesabu? Ungekuja enzi zile. Nilikuwa kijana mzuri mimi."

"Ulikuwa na masikio makubwa, Hosea," Verlene akamjibu.

"Aa, masikio hayazeeki. Haya, washa."

Alipowasha, Hosea akasema neno ambalo hata mke wake hakuwahi kulisikia. "Nilijikojolea pale kwenye mstari. Niliwaona mbwa wa polisi, nikajikojolea. Halafu nikaendelea kutembea."

Baada ya Hosea, milango ikaanza kufunguka, mmoja leo, mwingine mwezi ujao. Verlene aliwauliza wote swali moja: "Uliogopa?" Nao walimjibu. Akazunguka mji mzima akikusanya hofu za watu. Jioni anarudi nyumbani, anakula na mama yake, na hakuna anayesema kitu.

Mpaka asubuhi moja. Mama Rubelle alikuwa barazani, bakuli la kunde mapajani, akizitoa kwenye maganda. Bila kuinua uso akasema, "Leta hilo dude lako."

Verlene akasimika kamera. Mama akaendelea na kunde zake. Akasema, "Watu walidhani nakukasirikia kwa ajili ya baba yako. Sivyo. Otis angeondoka tu, alikuwa mtu wa kuondoka. Nilikuwa nimekwambia usiende. Nikakaa hapa mchana kutwa nikikuhesabu kuwa maiti. Uliporudi, niliogopa kukutazama, nisije nikakuzoea tena."

Mama akainua uso.

"Kila mtu umemuuliza. Na wewe je, uliogopa?"

Wasikilizaji wapendwa, kwa miaka yote ile hakuna mtu aliyewahi kumuuliza Verlene Mabry swali hilo. Kwenye filamu tunaisikia sauti yake, inatoka nyuma ya kamera. "Ndiyo, mama." Kisha, "Nilikuita usiku kucha."

"Njoo hapa nikuone," mama akasema.

Akaenda. Kamera ikabaki bila mtu, imeinama kidogo. Tunaona mgongo wa mwanamke mzima amepiga magoti, na mikono ya mzee juu ya kichwa chake. Basi.

Kituo kimoja cha televisheni kiliitaka filamu ile ionyeshwe nchi nzima, kwa sharti kipande kile kikatwe. Walisema picha imepinda, na mtengenezaji hapaswi kuonekana. Verlene alifikiri, akawajibu, "Nirudishieni filamu yangu." Ikaonyeshwa hapa kwetu, kwenye ukumbi wa chini wa kanisa, kwenye shuka jeupe. Mji mzima ulikuja. Taa zilipowashwa, watu walikuwa wameshikana mikono.

Mama Rubelle alifariki miaka miwili baadaye. Verlene akabaki kwenye nyumba ile. Na hapa niseme kweli: upweke haukuisha. Watu walimheshimu sana. Walimwita shuleni kila mwaka azungumze na watoto. Lakini alikuwa ameshika siri za mji mzima, na mtu wa namna hiyo watu humsalimia kwa heshima, kisha hupita.

Lucious ndiye aliyefungua mlango Jumanne. Alikuta meza imeandaliwa sahani mbili. Akamuuliza jirani, "Alikuwa na mgeni?" Jirani akasema, "Hapana. Huandaa mbili kila siku. Alisema huenda mtu akabisha."

Kwako mzee Lucious, na ukoo wote wa Mabry hapa na kule Detroit, sisi wa kituo hiki tunawapa pole nyingi. Mungu awafariji. Mazishi ni Jumamosi, baada ya ibada ya asubuhi.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, Jumamosi bado mbali. Leo jioni kuna mtu mtaani kwako ameandaa meza yake. Unamjua ni nani. Nenda ukabishe.