Mzee Mansuetus Xaveri Ndunguru na Lenzi Yake Ndefu

Mpendwa wetu Mansuetus Xaveri Ndunguru alizaliwa Litembo, Mbinga, tarehe 4 Juni 1951, mtoto wa tatu wa mzee Xaveri Ndunguru na mama Hildegardi Kapinga. Wakubwa wanasimulia kwamba siku hiyo ukungu ulikuwa ule wa Litembo wenyewe, ambao mbuzi wa jirani unamsikia tu, humwoni. Labda ndiyo maana alikua mtu wa kutaka kuona mbali.

Na kabla hatujafika mbali, kuna jambo moja lijulikane. Mzee Mansuetus alipiga picha karibu nusu ya watu waliokaa hapa leo, lakini yeye mwenyewe hakuwa na picha. Ukimwelekezea simu anageuka kama kinyonga. Kwenye grupu la familia yupo kama kisogo, yupo kama kiwiko, yupo kama kofia. Picha pekee ilikuwa ya kitambulisho, amekodoa macho kama kambale aliyetolewa majini. Mke wake, Bibi Emerensiana, alikuwa akiitazama anasikitika kabisa: "Baba Egidi, nikuzike na sura hii? Watu watadhani nimekuua mimi."

Elimu ya msingi aliipata shule ya misheni jirani na kwao, akamaliza darasa la saba mwaka 1967. Walimu walisema alikuwa hodari wa hesabu na mbovu wa kutulia. Mwaka 1970 aliajiriwa na chama cha ushirika Mbinga mjini, kwenye kuchambua kahawa kwa madaraja. Kazi ya macho, na macho alikuwa nayo.

Kamera aliipata mwaka 1978. Mrusi mmoja mtafiti wa miamba, aliyekuwa anafunga virago kurudi kwao, alitaka baiskeli ya kumalizia safari zake za milimani. Marehemu akatoa baiskeli yake, akapewa kamera ya filamu na mkoba wenye lenzi tatu, moja fupi na mbili ndefu, zilizokuwa zimeshazeeka hata wakati huo. Akarudi Litembo kwa miguu. Baba yake akamkuta uani anaifuta vumbi.

"Mansueti, baiskeli iko wapi?"

"Ndiyo hii, baba."

"Yaani umetoa miguu ukachukua jicho!" Mzee Xaveri alikaa wiki nzima hamsemeshi. Mwaka uliofuata alipigwa picha akiwa shambani kwenye ngoro, yale mashimo yetu ya kilimo cha mlimani, kutoka kilima cha pili, hana habari. Alipoletewa akaiweka ndani ya Biblia, na habari ya baiskeli haikusikika tena.

Sasa wenzetu wa simu tuelewane hapa. Hii si ya kuvuta kwa vidole viwili. Kamera ile haioni unachoona wewe. Ina kidirisha kidogo cha kulengea, na ndani yake mtu mmoja anaonekana wawili, kama kivuli na mwenyewe. Unazungusha lenzi taratibu mpaka wale wawili wanakuwa mmoja. Ukishawaunganisha, kama umefunga lenzi ndefu, unahamisha jicho kwenye kidirisha kingine, kile cha kupachika juu, ndipo unajua nini kitaingia kwenye picha. Mpaka umalize yote hayo, kuku ameshaondoka. Marehemu hakukosa kuku.

Jambo hilo liliwahi kumponza. Mwaka 1986 alikwenda upande wa Chiwanda, kule karibu na mpaka wa Msumbiji, na nyakati zile ng'ambo kulikuwa na vita. Mgambo wa kijiji kimoja wakamkuta kichakani na lile bomba la lenzi ndefu limeelekea barabarani. Wakamkamata. Akawaeleza ni lenzi, inavuta watu wa mbali. Kamanda wao akachungulia kidirishani, akaangalia, akaangalia tena.

"Mbona haivuti? Yule ng'ombe yuko palepale!"

"Afande, hapo huoni kwa lenzi. Unaona kwa dirisha. Lenzi inaona kivyake."

"Kumbe wewe una chombo kinachoona kisichoonyesha unachokiona? Huyu mpelelezi huyu! Mfungieni!"

Marehemu akaomba jambo moja tu: kamanda asimame kule kwenye mwembe, yeye abaki hapa. Akampiga picha. Dawa za kusafishia filamu alikuwa nazo begani, wakamletea karai na blanketi zito. Filamu ilipokauka kamanda akaiinua juani, akajiona kifua mbele, vifungo vyote vinahesabika. Halafu akauliza, kwa adabu sasa: "Mzee, na nikitaka nakala mbili?"

Mke wake alimpata kwa lenzi hiyohiyo. Mwaka 1980, pale Lipingo, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, binti Emerensiana Komba alikuwa anaanika usipa, wale dagaa wa ziwani, akaona kitu kinamulika juu ya jiwe. Akatupa ungo, akapanda. "Wewe unayenichungulia kwa bomba! Shuka uniambie usoni unachotaka!" Akashuka, akamwambia. Walifunga ndoa kanisani Mbamba Bay tarehe 12 Septemba 1981, na Mungu aliwajalia watoto watatu.

Studio yake Mbinga mjini, mlango wa pili kutoka duka la Mzee Adinani, aliifungua mwaka 1988. Wateja walitaka kusimama wima, mikono mapajani, macho mbele. Aliwapiga hivyo, ndiyo ugali wa watoto. Lakini Jumapili alitoka na lenzi ndefu akapiga watu wakiwa wao wenyewe. Adinani alikuwa anamtania: "Ndunguru, unampigaje mtu asiyekuangalia? Picha ya hivyo atainunua nani?"

Jibu lilikuja mwaka 1993. Bibi Restituta wa Tingi alifariki, na wanawe hawakuwa na picha yake hata moja ya kuweka juu ya jeneza. Marehemu akapekua, akampata: sokoni, kikapu cha maharage magotini, anacheka mpaka pengo linaonekana. Wanawe walilia upya, lakini kilio kingine. Tangu siku hiyo akajipa kazi ambayo hakutumwa na mtu. Alipita Mbinga, Tingi, Lipingo, mpaka Chiwanda, anapiga wazee kutoka mbali, anatunza. Alikuwa anasema, "Mtu asizikwe bila sura yake." Ndugu waombolezaji, mnajua wenyewe ni misiba mingapi imesimama na picha ya Mzee Mansuetus.

Mwaka 2022 aligundulika ana tatizo la moyo. Akahamia Lipingo kwa shemeji zake, maana milima ya Litembo ilimtoa pumzi. Bibi Emerensiana akaona siku zinakimbia na sura bado ni ile ya kambale. Mwezi Julai mwaka jana akajifanya amechoka kukaa.

"Baba Egidi, nifundishe hiyo kamera."

Jamani, alifurahi! Alimfundisha kutwa nzima, na Bibi anauliza kama mtoto wa chekechea: "Hili dirisha la nini? Na hili?" Filamu ilibaki moja tu nyumbani, Adinani alikuwa ameiagiza Dar kwa tabu. Marehemu akamwachia: "Piga mitumbwi, piga unachotaka." Bibi hakupiga mtumbwi hata mmoja. Alikaa nyuma ya chanja za kuanikia usipa na lenzi ndefu, akamvizia mume wake.

Tatizo lilikuwa moja, na kubwa. Mtu pekee aliyejua kusafisha filamu ni marehemu mwenyewe. Ilibidi ampe. Akijiona humo, si ataitupa?

Akampa. Mzee akaziba dirisha kwa blanketi, akafanya kazi yake, Bibi mlangoni anasali rozari. Mara ndani kukasikika kicheko.

"Emere! Umepiga mitumbwi au usiku wa manane?"

Kumbe nusu ya filamu Bibi hakutoa kifuniko cha lenzi. Kamera ya hivyo haikuambii, dirisha linaonyesha kweupe tu na wewe unapiga. Bibi akakaa chini palepale. Halafu mlango ukafunguka, marehemu ameshika filamu inachuruzika maji, anatazama sehemu ya mwisho kwa mwanga wa jua.

"Umekasirika?" Bibi akauliza.

"Huyu mzee ni nani?"

"Ni mume wangu. Ukimtupa, nakupiga na hilo karai."

Hakuitupa. Alichagua moja, akaisafisha kubwa kwa mkono wake mwenyewe, akaipunguza pembeni palipoingia mguu wa chanja. Akamkabidhi mkewe akasema: "Fokasi imekaa jichoni. Mimi mwaka wa kwanza nilikuwa napata masikio." Kwa marehemu, sifa ilikuwa haizidi hapo. Bibi Emerensiana anaisimulia hiyo mpaka leo kidevu kiko juu.

Mzee Mansuetus alizidiwa mwezi Februari, akatibiwa Mbinga kisha Songea, na akafariki Jumanne tarehe 11 Machi 2025, alfajiri, mkewe amemshika mkono. Ameacha mjane, Emerensiana; watoto watatu, Egidi, Sekela na Daniel; sisi wajukuu tisa, na rafiki yake Adinani, ambaye amefunga duka leo na hajawahi kulifunga.

Picha iliyoko mbele ya ratiba hii ndiyo ile. Amekaa kwenye jiwe, anashona kamba ya mkoba, ametabasamu kidogo kwa jambo lake mwenyewe. Msiseme hatuangalii. Aliyempiga alikuwa mbali, na alimpenda.

Babu, lala kwa amani. Huna haja ya kugeuka, tumekuona.