Gaudensi Kalyalya, Mpima Rutuba wa Mpanda

Tumsifu Yesu Kristo. Baba Paroko, ndugu, majirani na wafiwa wote, mimi ni Hilaria, mdogo wake marehemu, nimetumwa na familia niwasomee maisha ya kaka yetu, na kwa kuwa hakupenda maneno yasiyo na vipimo, tarehe zote nimezihakiki.

Gaudensi Optatus Kalyalya alizaliwa Karema tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa tatu wa Mzee Optatus na Mama Rozalia, akasoma shule ya msingi hapo hapo kuanzia 1959 hadi 1966, sekondari Tabora hadi 1970, akapata cheti cha kilimo Ukiriguru mwaka 1973. Aliajiriwa kuwa bwana shamba Januari 1974, na tarehe 3 Februari 1988 akahamishiwa maabara ya udongo ya mradi wa kilimo hapa Mpanda, kazi aliyoipenda kuliko chakula.

Tarehe 9 Oktoba 1976 alifunga ndoa na wifi yangu Marsela, wakajaliwa watoto wanne, Libérate, Bartolomeo, Pudensiana na Shadrack, naye wifi ni shahidi kwamba nyungo na chekeche za nyumba ile zilibeba udongo kuliko mchele, alilalamika mpaka akachoka, akanunua nyingine akazificha kwangu.

Sasa niseme jambo ambalo marehemu mwenyewe aliagiza lisifichwe. Agosti 1993 wakulima wa Litapunga, waliokuwa wamefyeka pori na kulichoma, walileta udongo wao upimwe, tindikali za maabara zilikuwa zimekwisha, kaka akatumia njia ya moto, yaani unapima udongo mkavu, unauchoma tanuruni, unaupima tena, na uzito uliopungua unahesabiwa kuwa ni majani na mizizi iliyooza, ambayo ndiyo rutuba. Hesabu ikatoka kubwa, akawaambia hawahitaji samadi. Misimu miwili mahindi yalidumaa yakawa ya njano, watu wakaona njaa, na Mzee Nyanda Kija, mfugaji aliyehamia na ng'ombe kutoka Shinyanga, akamwambia mbele za watu, "Bwana Udongo, karatasi yako imeshiba, sie tuna njaa."

Maneno hayo yalimchoma. Alirudi kuchukua udongo ule ule, akaukoroga kwenye ndoo ya maji, vikaelea vipande vyeusi, ni mkaa wa miti iliyochomwa, tanuru lilikuwa limeuhesabu pamoja na rutuba, na mkaa haulishi mhindi. Akauengua, uliobaki akauokota kwa kibano punje kwa punje, kisha akapima kwa tindikali mpya zilizokuwa zimefika, kaboni, ambayo ikipanda rutuba nayo imepanda, ikawa asilimia sufuri nukta sita tu. Wenzake walimsihi anyamaze asije akafukuzwa kazi, lakini tarehe 20 Septemba 1995 alisimama kwenye mkutano wa kijiji akasema kosa ni lake, akaomba radhi, nami nilikuwapo, nikamwogopea na kumwonea fahari.

Mzee Nyanda alijibu kwamba yaliyopita si ndwele, akaleta desturi ya kwao ya kuhamisha zizi, ng'ombe wakalala miezi kadhaa kwenye shamba moja wakiacha samadi, kisha wakasogezwa kwa jirani, hata kwa asiye na ndama mmoja, kaka akiwafuata nyuma na ndoo yake, na mwaka jana vihenge vya Litapunga vilijaa.

Alianza kusumbuliwa na figo Machi mwaka huu wa 1999, akalazwa hospitali tarehe 26 Julai, akiwa ameacha udongo wa Litapunga mezani haujapimwa, na kila aliyekwenda kumpa pole aliulizwa majibu yatatoka lini. Alifariki tarehe 11 Agosti, saa nne asubuhi, hajayapata, na hilo limetuuma sana.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, majirani mliochota maji na kupika tangu juzi, wakulima mliotembea kutoka Litapunga, na wafanyakazi wenzake, hasa Bi Suzana, ambaye jana, macho yamemvimba kwa kulia, alijifungia maabara akaimaliza kazi ile kama alivyofundishwa naye, karatasi ninayo hapa. Kaka Gaudensi, mkaa umetolewa wote, jibu lako ni asilimia moja nukta moja, pumzika kwa amani.