Watu Sita na Jeshi Lililosimama Mtoni

Mgeni rasmi, Mwenyekiti wa Bodi ya kampuni yetu. Wakuu wa idara. Wafanyakazi wenzetu mliopata viti na mliosimama ngazini:

MAKARIBISHO

Karibu. Tunajua umekuja kuzindua timu ya nne ya michezo mipya, na keki iko mezani. Sisi ni watu sita tunaotengeneza mchezo wa vita vya ramani, ule ambao mchezaji huongoza majeshi na kompyuta humpangia hila za adui. Meneja wa miradi alitaka kuisoma risala hii kwanza. Tulimpa nyingine. Tunamwomba radhi mbele yako, ila angeiona hii, wewe usingeisikia.

TULIKOTOKA

Tulianza watu kumi na mmoja katika chumba kimoja chenye dirisha lisilofungika. Mmoja wetu alikuwa dada tuliyemwita Mama Mizani, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kupima nguvu za majeshi, adui asiwe mnyonge wala asiwe jini. Kila toleo alilicheza mwenyewe mwanzo hadi mwisho kabla halijamfikia mteja.

MAFANIKIO

Mchezo ulipendwa, tukafika watu thelathini na mmoja. Mwalimu mmoja mstaafu alituandikia kwamba amepigana na adui wetu miaka mitatu na bado anamshangaza. Barua yake tuliibandika ukutani. Mafanikio mengine utayasoma kwenye vipeperushi.

CHANGAMOTO

Mgeni rasmi, changamoto ni neno la adabu. Tumekasirika.

Uongozi ulianzisha michezo mitatu mipya kwa mkupuo, na watu wa kuijaza wakachotwa kwetu. Tulipouliza, tukaambiwa mchezo wetu umekomaa, unajiendesha. Haujiendeshi. Uliendeshwa na Mama Mizani, aliyeachiwa peke yake kazi ya watu saba. Aliandika barua tatu kuomba msaidizi. Ya kwanza haikujibiwa. Ya pili alijibiwa avumilie. Baada ya ya tatu alipewa cheti cha mfanyakazi hodari. Kilemba cha ukoka.

Toleo la mwezi wa tano likasukumwa nje kabla hajamaliza kulipima. Majeshi ya adui yalifika mtoni yakasimama; hayakuvuka, hayakurudi. Wachezaji wakatuporomoshea matusi kwa maelfu. Kamba hukatikia pabovu, na pabovu palijulikana tangu barua ya kwanza. Lakini aliyeitwa ukumbini kujibu ni Mama Mizani.

Meneja alimwambia mbele ya watu wote, "Umetuaibisha."

Akajibu bila kupandisha sauti, "Niliomba mtu mmoja." Kisha akakaa.

Sisi sita tulikuwapo. Tuliangalia viatu vyetu. Kwa hiyo hasira unayoisikia leo, nusu yake tunajikasirikia wenyewe. Wiki ile ile aliacha kazi.

Kati ya ile michezo mitatu, miwili imefutwa. Watu wake kumi na wanane wako ghorofa ya tatu, juu ya vichwa vyetu, wakisubiri kupangiwa kazi. Hakuna hata mmoja aliyerudishwa kwetu. Na leo tunakata utepe wa timu ya nne.

MAOMBI

Hatuombi viti wala kompyuta mpya. Kabla hujashika mkasi, panda ghorofa ya tatu uwaulize wale watu wanafanya nini tangu asubuhi. Tunaomba saba kati yao waje kwetu. Tena Mama Mizani aombwe radhi hapa hapa ukumbini, mbele ya waliosikia akitukanwa. Tumemuuliza kama atarudi, amesema hatarudi. Tunaomba hata hivyo.

Tuliagizwa tumalize kwa kuipongeza timu ya nne. Tuliwafuata wenyewe, tukawasomea risala hii jana mchana. Wanne kati yao wamekataa kuhamishiwa timu hiyo, wamechagua kuja kwetu, na wametia saini chini ya majina yetu. Ndio hao waliosimama nyuma yangu.

Mungu akulinde, aibariki familia yako, na akupe ujasiri wa kutujibu kabla hujapanda gari.

Ni sisi,
Wafanyakazi wa mchezo wa vita vya ramani, sita wa zamani na wanne wa leo.