Bi Mawingu na Mvua Ambayo Haikunyesha

Mwisho wa mwezi huu, baada ya miaka thelathini na minne ya kutabiri hali ya hewa na kuwaeleza watu maana yake, mwenzetu tunayemwita Bi Mawingu anastaafu. Nimekaa meza ya jirani na yake mpaka nakijua kikohozi chake cha hasira, kwa hiyo nivumilieni.

Alikuja idarani akiamini kwamba utabiri ukishasomwa redioni, kazi imekwisha. Mwaka wa gharika tuliwatahadharisha wakazi wa bondeni mara tatu, na mara tatu jua likawaka. Kwa desturi yetu, tulinyamaza kama hatukusema kitu. Tahadhari ya nne watu waliicheka. Mdogo wake, fundi baiskeli wa kule bondeni, alimwambia kwa simu kwamba dada amwache alale, mvua yake ni ya mdomoni. Maji yalimkuta kitandani. Mkewe aliokolewa juu ya paa.

Tangu mazishi yale, kila tulipokosea, Bi Mawingu alishuka sokoni kesho yake, akapanda juu ya kreti la soda na kutangaza kwamba jana tulikosea, na sababu ni hii. Mkurugenzi alifoka kwamba anaivua nguo idara. Wauza nyanya walimzomea. Lakini kwa ubishi, jamani, huyu hana mpinzani! Alieleza jinsi joto la dunia linavyovuruga misimu, mvua ikachelewa kisha ikashuka yote kwa mkupuo, na kwamba kukimbia bure mara tatu ni nafuu kuliko kuzikwa mara moja. Ilichukua miaka, lakini wauza nyanya walianza kuuliza maswali.

Mwaka jana alitoa tahadhari, bonde zima likahama. Halikudondoka hata tone. Nilimsindikiza sokoni nikijua leo tutapigwa. Aliyetutangulia pale ni mjane wa mdogo wake, ambaye hakuwa amesema naye tangu msiba, godoro bado kichwani. Alisema wifi yake amewachosha kweli, ila akisema tena, watahama tena. Bi Mawingu alilia mbele ya soko zima, na mimi pia.

Sasa anahamia kwa wifi yake, huko huko bondeni, na mvua zinazokuja ni mbaya kuliko zilizopita. Dada, ahsante kwa kila zomeo ulilotubebea. Tunakuombea uzee wenye vicheko. Tukikosea, tutakuja kukuomba radhi mlangoni. Lakini tukisema hama, dada yetu, tafadhali hama.