Dawa Mpya ya Makopo

Nyuma ya karakana moja ya Thunder Bay, nchini Kanada, kuna benchi la mbao ambalo saa nne asubuhi halikosi watu watatu na chupa ya kahawa. Aili hukaa pembeni, karibu na mlango. Ndiye anayejaza dawa kwenye kapasita, yale makopo yanayomeza umeme kwa sekunde chache na kuutema kwa mkupuo, lori likawaka hata kwenye baridi ya kugandisha mate. Alikuwa na mimba ya miezi mitatu na hajamwambia mtu, akiogopa kuambiwa akae nyumbani. Mchana huo wangeanza dawa mpya.

— Ya zamani mwisho wake volti mbili na nusu, alisema Profesa, fundi wa vipimo. Hii inafika tatu na nusu. Kopo lilelile, na kwa kuwa umeme hupanda kwa mraba wa volti, linabeba karibu mara mbili.

— Haraka haraka haina baraka, alisema Fyuzi, mzee mfunika makopo, mwepesi wa hasira.

— Mzee, sisi tunauza hiyo haraka.

— Basi tieni maji ya chumvi. Hayanuki.

— Yakipita volti moja na kidogo yanatoa mapovu. Kopo litavimba kama wewe.

— Ongeza chumvi mpaka povu likose pa kukaa. Au utomvu wa mti wa mepo. Mti umesimama nje baridi yote hii, umeuona ukivimba?

— Kweli umekula chumvi nyingi, mzee. Sasa unataka kopo nalo liile.

Aili alicheka. Fyuzi akamsogezea kipande cha mkate wa iliki, kile chenye sukari zaidi.

Delphine, dereva mpya aliyekuja kuchukua mzigo, alikuwa amesimama akisikiliza.

— Samahanini, mimi mgeni. Na anayeijaza dawa hiyo, inamfanya nini?

Profesa alipekua karatasi za dawa. Volti alizijua, baridi aliijua, hata miaka ya kopo. Akafika ukurasa wa mwisho.

— Haijaandikwa, alisema. Karatasi zote zinahusu kopo.

Aili aliuweka mkate mapajani.

— Nina mimba, alisema.

Fyuzi alizungumza bila kumtazama.

— Kufunika ni kazi ya kukaa. Kiti changu kiko dirishani. Kakalie.

— Na kujaza?

— Kujaza kutasubiri. Huyu msomi atuambie kwanza.

Profesa alikwishainuka, akitafuta namba ya simu ya waliotengeneza dawa.